Mshangao una Mwenyewe: Uhakiki wa Safu ya "Je, Wajua?" katika Kamusi Elezo ya Wikipedia

1. Utangulizi

Miongoni mwa tanzu fupi za maandishi zilizozuka pamoja na intaneti, imo moja inayostahili kuangaliwa na wahakiki kwa makini zaidi kuliko udogo wake unavyodokeza. Ni sentensi moja tu ya kuuliza, isiyozidi herufi 200, nafasi na vituo vikihesabiwa. Huchapishwa kwenye ukurasa wa mbele wa toleo la Kiingereza la Wikipedia, kamusi elezo iliyoanzishwa mwaka 2001 na inayoandikwa na watu wa kujitolea. Safu yenyewe ilianza mwaka 2004, na jina lake kwa Kiswahili ni "Je, wajua?". Kila sentensi hufunguliwa kwa nukta tatu na neno "kwamba", hufungwa kwa alama ya kuuliza, na ndani yake mna kiungo kimpelekacho msomaji kwenye makala mpya. Sentensi nane au tisa hutolewa kwa mkupuo mmoja, kisha huondolewa na kupisha nyingine. Waandishi wa kamusi hiyo huziita ndoano.

Jina hilo halikosi maana. Ndoano ina chambo, ina mvuvi, na ina samaki. Uhakiki uliozoeleka wa safu hii huuliza kama chambo ni kitamu, yaani kama sentensi inavutia. Swali hilo halitoshi. Dai linalotetewa hapa ni kwamba "Je, wajua?" si swali la mtu yeyote kwa mtu yeyote. Kila ndoano humteua kimyakimya mtu asiyejua, na kwa uteuzi huo huamua ni nani ambaye kujua kwake hakuhesabiwi. Kwa maneno mengine, mshangao una mwenyewe. Mwandishi wa Lubumbashi, wa Bukavu au wa Kisangani anayewasilisha makala kwa ajili ya safu hii hana budi kujiuliza mshangao anaouandika ni wa nani.

2. Kanuni za uwasilishaji

Kabla ya kulaumu fani, ni haki kuieleza. Makala inayowasilishwa lazima iwe mpya. Upya huo una maana maalumu: iwe imeundwa katika siku 7 zilizotangulia, au katika muda huohuo iwe imerefushwa mara 5, au imepandishwa daraja na kutambuliwa kuwa makala nzuri. Matini yake, bila orodha wala majedwali, yafikie walau herufi 1500. Isiwe imenakiliwa, wala isiwe imefuata kitabu cha mtu sentensi kwa sentensi. Isipendelee upande. Jambo linalotajwa katika ndoano lazima liwemo ndani ya makala, na marejeo yake yawekwe palepale lilipoandikwa. Aidha, ndoano inayomhusu mtu aliye hai isimkalie kwa ubaya kupita kiasi.

Baada ya kuwasilishwa, makala hukaguliwa na mtu mwingine asiyekuwa mwandishi wake. Anayekubali kazi huitia sahihi. Anayekuta kasoro huieleza hadharani, na mwandishi hujibu. Hatimaye ndoano hupangwa katika kundi, huingizwa katika foleni, na kufikishwa kwenye ukurasa wa mbele. Mwandishi ambaye amekwisha kuchangia ndoano 5 hulazimika kukagua kazi ya mwenzake kila awasilishapo yake. Desturi hii ya nipe nikupe ni mojawapo ya sifa kubwa za safu. Humfanya kila mtegemea msaada kuwa mtoa msaada, na kila mwandishi kuwa msomaji. Majarida mengi ya kitaaluma hayajafaulu kuwadai waandishi wao kiasi hicho.

Kanuni ya siku 7 nayo yafaa kutazamwa kwa pande zote mbili. Kwa upande mmoja, huzaa kichekesho chema: jambo la mwaka 1910 huwa jipya siku makala yake inapoundwa. Upya si wa tukio, ni wa kuandikwa. Hapa mna heshima kwa historia iliyosahauliwa, kwani mlango haufungwi kwa sababu ya uzee wa habari. Kwa upande mwingine, siku 7 si sawa kwa wote. Mahali ambapo umeme hukatika na intaneti hununuliwa kwa vipimo, juma moja laweza kupita kabla ya marejeo kupangwa. Ipo njia ya kujikinga. Makala yaweza kuandikwa polepole katika ukurasa wa rasimu, na siku huanza kuhesabiwa pale tu inapohamishwa kwenye kamusi yenyewe. Mwanafunzi anayefahamu hilo hana haja ya kukimbizana na saa.

3. Ndoano na mtego

Katika fasihi simulizi ya Waswahili, utanzu ulio jirani na ndoano ni kitendawili. Ujirani huo umo hata katika msamiati. Mmoja husema "Kitendawili!", wenzake huitikia "Tega!". Lugha ya kitendawili ni lugha ya mtego, kama vile lugha ya Wikipedia ilivyo ya uvuvi. Katika sehemu zote mbili anayesikiliza ni windo, na chambo ni jambo lililosemwa nusu.

Lakini tofauti ni kubwa kuliko mfanano. Kitendawili hungoja jibu. Mtegaji anaposema nyumba yake haina mlango, wasikilizaji huhangaika, hukosea, hujaribu tena, na mmoja hutaja yai. Wakishindwa, mtegaji hudai mji. Hupewa mji, na ndipo hufumbua. Kwa hiyo katika kitendawili kutojua kuna bei, tena kunatangazwa mbele ya watu wote kwa ridhaa ya wachezaji. Hakuna anayedhaniwa kuwa mjinga kabla ya mchezo kuanza. Zaidi ya hayo, zamu huzunguka: aliyetegewa sasa atatega baadaye.

Ndoano ya Wikipedia haina subira hiyo. Jibu limo ndani ya swali, na alama ya kuuliza ni pambo la taarifa. Msomaji haulizwi kama anajua; anaambiwa, huku akidhaniwa kwamba hakujua. Kanuni za safu zalisema hilo waziwazi: ndoano itazamiwe kumvutia au kumshangaza msomaji asiye na maarifa maalumu wala shauku maalumu ya mada. Msomaji huyo wa wastani hana jina, lakini ana makao. Kwa kuwa toleo ni la Kiingereza, aghalabu ni mtu ambaye Katanga ni mbali kwake, na ambaye Kiswahili ni lugha ya wengine. Jambo ambalo bibi mmoja wa Kenya, mtaa wa Lubumbashi, amelijua maisha yake yote hugeuka ajabu kwa sababu huyo wa mbali hakulijua.

Yapo mapengo mawili ambamo safu hukaribia kitendawili. La kwanza ni nafasi ya mwisho ya kila mkupuo, ambayo kwa desturi hupewa ndoano ya mzaha. La pili ni tarehe 1 Aprili, siku ambayo ndoano huruhusiwa kumpoteza msomaji kwa maneno yenye maana mbili, mradi jambo lenyewe liwe kweli. Katika mapengo hayo msomaji hualikwa kucheza. Kwingineko huambiwa tu.

4. Mfano: "Vocabulaire" ya Elisabethville

Nadharia bila mfano ni ngoma isiyo na mchezaji. Itazamwe basi kazi moja ambayo wanafunzi wa Kiswahili nchini Kongo wanapaswa kuifahamu. Mwaka 1965 kilitolewa kijitabu kuhusu mji wa Elisabethville, ulioanzishwa mwaka 1910 na kuitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966. Aliyekitunga ni André Yav, kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani. Kichwa chake cha Kifaransa kilianza kwa neno "Vocabulaire", lakini yaliyomo si kamusi: ni historia ya mji na ya ukoloni, ikitazamwa na watu waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu. Lugha yake ni Kiswahili cha Katanga, nacho kiliandikwa kwa kufuata sikio, bila tahajia ya shule na bila mipaka thabiti kati ya neno na neno.

Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye aliwahi kufundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, alikitoa upya huko Amsterdam pamoja na tafsiri na maelezo. Alisaidiwa na Kalundi Mango, na maelezo ya kiisimu yaliandikwa na Walter Schicho. Katika kazi hiyo palitokea jambo lenye mafunzo. Maandishi hayakufunguka kwa kutazamwa. Ilibidi Kalundi Mango ayasome kwa sauti, ndipo maneno yakajitenga na maana ikajitokeza.

Iwapo mwanafunzi ataandika makala juu ya kijitabu hiki na kutaka kuiwasilisha, ndoano yake itakuwaje? Ndoano za toleo hilo huandikwa kwa Kiingereza, lakini kwa ajili ya uhakiki zaweza kujaribiwa kwa Kiswahili.

Jaribio la kwanza: "... kwamba watumishi wa nyumbani wa Elisabethville waliweza kuandika historia ya mji wao mwaka 1965?"

Sentensi hii ni fupi, ni ya kweli, na ina marejeo. Mkaguzi angeweza kuipitisha bila kusita. Hata hivyo, ina sumu ndani ya neno moja, "waliweza". Ajabu yake yote yategemea dhana kwamba mtumishi haandiki. Ikiondolewa dhana hiyo, hakibaki kitu cha kushangaza. Mwenye mshangao hapa ni mwajiri wa zamani, na ndoano yamrudisha kwenye kiti chake barazani ili ashangae tena. Yav na wenzake waliandika ili mji usimuliwe na waliouona kutokea jikoni na uani. Ndoano hii yawafanya kuwa kioja katika simulizi yao wenyewe.

Jaribio la pili: "... kwamba 'Vocabulaire' ya Elisabethville, iliyotungwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani, si kamusi bali ni historia ya mji?"

Hili ni bora. Mshangao umehama kutoka kwa mtu kwenda kwa kitabu: jina lasema hivi, yaliyomo yasema vile. Mtungaji ametajwa kwa jina lake, na chama kimetajwa bila kudharauliwa. Kasoro yake ni kwamba swali limekwisha palepale. Msomaji hupewa fumbo na ufumbuzi kwa pamoja, akaridhika, akapita. Ndoano imemlisha samaki chambo bila kumvuta.

Jaribio la tatu: "... kwamba kabla ya kufasiri historia ya Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965, mhariri wake alihitaji kuisikia ikisomwa kwa sauti?"

Hapa jambo jingine limetendeka. Asiyejua ndani ya sentensi si mtumishi, wala si msomaji peke yake, ni mtaalamu. Aliyekuwa na ufunguo ni mwenyeji wa lugha, na ufunguo wenyewe ni sikio. Msomaji hubaki na swali la kweli: ni maandishi gani hayo yasiyosomeka kwa macho? Jibu halimo katika ndoano, limo katika makala. Kwa hiyo jaribio la tatu limerudisha subira ya kitendawili bila kuvunja kanuni hata moja ya safu. Urefu wake haufiki herufi 200, ukweli wake una marejeo, na asiye na maarifa maalumu aweza kuvutiwa nalo.

Hata hivyo, halikosi hasara. Jina la Kalundi Mango halimo. Fani fupi huwaonea watu wasiojulikana, kwani kila jina geni hula herufi na kumpunguzia msomaji wa mbali hamu. Mshauri wa safu angesema: ondoa majina yasiyojulikana, acha jambo. Ushauri huo ni wa busara kwa kila ndoano moja moja. Lakini ukifuatwa mwaka baada ya mwaka, majina yanayoachwa nje ni yaleyale ambayo tangu hapo hayakutajwa, na kutojulikana kwao huwa ndiyo sababu ya kuendelea kutojulikana. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba jina lililokosa nafasi katika ndoano lapata nafasi ya heshima katika ibara ya kwanza ya makala, si katika tanbihi.

5. Ushahidi na amana

Suala la pili zito ni la ushahidi. Wikipedia haikubali jambo kwa kuwa mwandishi analijua. Hudai chanzo kilichochapishwa na kuaminika, tena haitaki utafiti mpya wa mwandishi mwenyewe. Kwa kipimo hicho, kijitabu cha mwaka 1965, kilichotolewa na chama chenyewe, kingekuwa msingi dhaifu mno wa makala. Toleo la mwaka 1990 ndilo lililokipa kibali. Maarifa yaliyozaliwa Elisabethville yalilazimika kusafiri hadi Amsterdam ndipo yakubaliwe kurudi nyumbani yakiwa na cheti.

Ni rahisi kulaani kanuni hiyo kuwa ya kikoloni. Lakini laana hiyo ingekuwa ya haraka. Kanuni ya marejeo ndiyo inayomzuia mtu yeyote kuingiza uzushi juu ya Kongo kwenye ukurasa unaosomwa na dunia. Anayetaka iondolewe kwa faida ya mzee anayesimulia kweli, ataiondoa pia kwa faida ya mwongo. Lawama yafaa igawanywe. Kanuni za kamusi hiyo hazizipokei tasnifu za shahada ya uzamili isipokuwa zimethibitika kuwa na athari kubwa katika taaluma, na kazi ambayo haikuchapishwa haihesabiwi kuwa chanzo. Basi kila simulizi iliyorekodiwa na mwanafunzi, ikahifadhiwa kabatini baada ya kutetewa, imezuiwa mara mbili: kwanza na idara isiyoichapisha, ndipo na kamusi isiyoipokea. Jarida dogo la chuo linalotoka kwa wakati na kupitiwa na wahariri lafanya kazi kubwa zaidi hapa kuliko malalamiko.

Upo pia upande wa pili wa kanuni hiyo, ambao hausemwi sana. Vyanzo vya lugha nyingine vyaruhusiwa. Mkaguzi asiyejua Kiswahili, anapoletewa rejeo la kitabu cha Kiswahili ambacho hana namna ya kukipata, kwa desturi hukikubali kwa nia njema na kuandika kwamba amemwamini mwasilishaji. Hiyo ni amana. Mwandishi wa Lubumbashi anaposema kwamba kitabu fulani, ukurasa fulani, chasema jambo fulani, huenda hakuna mtu mwingine katika mlolongo wote wa ukaguzi atakayeweza kumsahihisha. Uhuru huo ni mzigo. Rejeo la Kiingereza hulindwa na macho mengi. Rejeo la Kiswahili hulindwa na uaminifu wa mtu mmoja. Akiongeza chumvi ili ndoano ing'ae, atakuwa amewaharibia njia wote watakaomfuata.

6. Hitimisho

Safu ya "Je, wajua?" si upuuzi, ingawa mkusanyiko wa mambo madogo madogo hudharauliwa na wasomi. Ina nidhamu ya ufupi, ina ukaguzi wa wazi, ina desturi ya nipe nikupe, na humpa mwandishi mpya wasomaji ambao asingewapata popote kwa siku moja. Kasoro yake imo katika dhana kwamba mshangao ni kitu kimoja kwa watu wote. Uhakiki wa ndoano tatu umeonyesha kwamba kazi moja, chanzo kimoja na kanuni zilezile zaweza kuzaa sentensi inayomdhalilisha mtungaji, nyingine inayomtendea haki lakini haina mvuto, na nyingine inayomheshimu na kumvuta msomaji kwa pamoja. Tofauti haikutoka katika kanuni. Ilitoka katika uamuzi wa mwandishi juu ya nani awe asiyejua.

Jaribio la kweli litakuwa kuihamishia nidhamu hiyo katika Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003. Huko msomaji wa wastani ni mwingine. Kwamba maandishi ya Kiswahili cha Katanga hueleweka yakisomwa kwa sauti, huenda kusimshangaze mkazi wa Kamalondo hata kidogo. Kinachoweza kumshangaza ni kwamba kijitabu cha watumishi wa mji wake kilipewa nyaraka na maelezo ya kitaalamu huko Ulaya miaka 25 baada ya kutolewa. Habari ni ileile, mwenye mshangao amebadilika, na ndoano haina budi kuandikwa upya. Mwalimu atakayewapa wanafunzi wake zoezi hilo, la kuandika ndoano mbili za jambo moja kwa wasomaji wawili, atakuwa amewafundisha uhakiki bila kuutaja kwa jina.